Kuimarisha mfumo wa kuchaji na kuwasha katika pikapu ya zamani: mwongozo kamili kwa mfano wa Hilux LN106

Mwenye pikapu ya zamani inayopiga stata kwa uvivu asubuhi huanza na betri mpya. Betri ikishindwa kuleta nafuu anatafuta altaneta kubwa (mashine inayochaji betri injini ikiunguruma), na altaneta ikishindwa anabadilisha stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Hatimaye, fedha zikiwa zimekwisha, fundi mmoja anafungua bolti ya athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) iliyoota kutu, anaipiga msasa, na gari linawaka. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume cha huo: tunapima kwanza, tunaimarisha shaba na athi, tunaishughulikia stata, kisha ndipo tunaamua kama altaneta kubwa inahitajika kweli.

Gari ninalolitolea mfano ni Toyota Hilux LN106, ya kizazi kilichotoka kati ya 1988 na 1997, yenye injini ya dizeli ya 3L ya cc 2,779. Nimeichagua kwa sababu bado imejaa katika mashamba na maeneo ya ujenzi, na kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa mikono yangu. Yangu inafanya kazi Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kutosha kuufanya mguto wa stata yoyote dhaifu usikike hadi kwa jirani. Katika mwaka mmoja na nusu niliinunulia betri mbili. Siku moja nilikuwa nimeinama chini ya boneti huku kijana wangu akipiga stata, mkono wangu ukagusa kebo ya eksileta, nikaurudisha haraka kwa sababu kebo ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Kebo ya eksileta haina kazi yoyote ya umeme. Ikipata moto wakati wa kupiga stata, maana yake ni kwamba mkondo umekosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri na umejitafutia njia popote pale chuma kinapogusana na chuma, kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi. Betri zangu mbili hazikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha kwanza gari lako linatumia volti ngapi. Hilux nyingi za dizeli zinazotembea Afrika Mashariki ni za volti 12, lakini baadhi ya pikapu na malori madogo yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani, hususan Land Cruiser, yana volti 24 zinazotokana na betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Betri mbili chini ya boneti peke yake si ushahidi, kwa kuwa zipo gari za volti 12 zenye betri mbili zilizounganishwa sambamba. Pima kati ya kebo ya stata na athi, na usome kibandiko kilicho kwenye altaneta. Vipimo vyote vilivyo hapa chini ni vya volti 12.

Vifaa vinavyohitajika ni mita ya umeme inayopima volti, omu na amperi, seti ya spana na soketi, msasa, brashi ya waya, grisi, na msaidizi wa kukaa kwenye usukani. Mita ya bei nafuu inatosha mradi isome tofauti ya sehemu moja ya kumi ya volti.

Vua saa na pete. Kila unapofungua betri anza na upande wa hasi, na kila unapoirudisha malizia na huo huo. Sababu yake ni rahisi: spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa, inakuwa imeunganisha betri nzima kwa njia ya mkato, na pete iliyo katikati ya njia hiyo huweza kuunguza kidole hadi mfupani. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali.

Jambo moja zaidi ambalo limeua altaneta nyingi katika gereji za mitaani: usichomoe kebo ya betri injini ikiwa inaunguruma ili "kupima kama altaneta inachaji". Betri ndiyo inayotuliza mfumo. Ikiondolewa ghafla, volti za altaneta huruka juu kwa kitambo kifupi kinachotosha kuunguza diodi (vipande vinavyogeuza umeme wake uwe wa upande mmoja), rigyuleta (kidhibiti cha volti), na chochote chenye elektroniki ndani ya gari. Fundi akifanya hivyo mbele yako, mshukuru kwa muda wake na uondoe gari lako.

Hatua ya kwanza: vipimo vitano

Andika kila namba kwenye karatasi, kwa sababu utazihitaji mwishoni.

Kipimo cha kwanza ni betri iliyopumzika usiku kucha bila kuguswa. Betri ya maji iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 iko karibu kuisha. Kama iko chini ya 12.4, ichaji kwa chaja kwanza, kwa mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani amperi 7 kwa betri ya Ah (saa-amperi) 70. Vipimo vinavyofuata havina maana kama betri haina chaji.

Kipimo cha pili ni volti za betri wakati stata inazunguka. Chomoa waya wa solenoidi (sumaku ya umeme) ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu ya dizeli, uufunike usiguse chuma, ili injini izunguke bila kuwaka. Msaidizi apige stata kwa sekunde tano au sita, si zaidi, wakati wewe umeweka ncha za mita juu ya risasi ya vichwa vya betri vyenyewe, wala si juu ya klempu. Katika hali ya hewa ya kawaida, namba ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au stata inakula mkondo kupita kiasi.

Kipimo cha tatu ndicho kiini cha kazi yote, na ndicho ambacho karibu kila mtu hukiruka: upotevu wa volti katika kebo. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ya pili kwenye bolti nene ya stata inayopokea kebo ya betri, kisha msaidizi apige stata. Mita itaonyesha volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa athi: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha ganda la stata. Upande wa chanya usizidi volti 0.5, na upande wa athi usizidi 0.3. Tumia kipimo hicho hicho kati ya bolti mbili nene za solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, ile ya kebo ya betri na ile inayoingia kwenye mota. Hapo ukipata zaidi ya volti 0.3, migusano ya shaba ndani ya solenoidi imelika.

Kwenye gari langu betri ilisoma volti 10.4 wakati wa kupiga stata, na stata yenyewe ilipata 8.1 tu. Volti 0.9 zilipotea upande wa chanya na 1.4 upande wa athi. Hakuna betri dukani inayoweza kufidia pengo hilo.

Kipimo cha nne ni cha kuchaji. Rudisha waya wa pampu ya dizeli, washa injini, isubiri itulie, kisha upime kwenye betri. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, mfumo usio na hitilafu husoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, wipa na feni ya ndani. Namba isishuke chini ya 13.2. Pima pia upotevu kati ya bolti nene ya altaneta na kichwa chanya cha betri huku vifaa hivyo vikiwa vimewashwa, kwani tofauti inayozidi volti 0.3 ni dalili ya waya mwembamba au kiungo kibovu. Mwisho, weka mita kwenye volti za AC (umeme unaobadilika upande): zikizidi 0.5, kuna uwezekano mkubwa wa diodi mbovu. Mita za bei rahisi hudanganya katika kipimo hiki, hivyo geuza ncha na usome tena kabla ya kuilaumu altaneta.

Kipimo cha tano ni mkondo unaovuja gari likiwa limezimwa. Fungua kebo ya hasi, weka mita katika nafasi ya amperi 10 kati ya kichwa cha betri na kebo hiyo, funga milango yote. Pikapu ya enzi hizo haina kompyuta za kulisha usiku, kwa hiyo hata miliamperi 50 ni nyingi. Usiguse ufunguo wakati mita iko katika nafasi hiyo; plagi za hita (zinazopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka) peke yake zitaunguza fyuzi ya mita papo hapo. Kama kuna uvujaji, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Ikiwa fyuzi zote hazina hatia, fungua waya mnene wa altaneta na uufunike: diodi iliyopasuka humaliza betri usiku bila kelele.

Hatua ya pili: athi na kebo nene

Athi ni nusu ya kila saketi ya gari. Kila amperi inayoingia kwenye stata kwa kebo nyekundu sharti irudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na kebo nyeusi, na injini imekaa juu ya mipira ambayo haipitishi umeme. Ndiyo maana pikapu inahitaji njia tatu za athi: kutoka betri hadi kwenye injini au giaboksi, kutoka betri hadi kwenye bodi, na kutoka injini hadi kwenye chesisi. Katika magari mengi ya zamani moja kati ya hizo ilifunguliwa wakati wa kushusha injini miaka mingi iliyopita na haikurudi.

Anza kwa kufungua kila bolti ya athi unayoiona. Kwangu ile ya injini ilionekana imekaza sawasawa; nilipoifungua, jicho la kebo liliachia unga wa kijani, na chini yake kulikuwa na rangi ya kijivu ambayo mtu alipaka injini nzima bila kufunika kitu. Rangi haipitishi umeme. Safisha hadi chuma king'ae, upana wa jicho lote, paka grisi nyembamba, funga kwa washa ya meno, kisha paka grisi nyingine juu ya kiungo kizima ili maji na vumbi visiingie. Ukishamaliza hapo, rudia kipimo cha tatu kabla ya kununua chochote. Kuna magari ambayo kazi huishia hapa, kwa gharama ya msasa.

Ikiwa kebo zenyewe ni nyembamba au zimeoza ndani, zibadilishe. Hesabu yake haihitaji shahada. Ukinzani wa shaba ni takriban omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wenye milimita mraba 1. Zidisha kwa urefu, gawanya kwa unene, kisha zidisha kwa amperi. Stata ya aina hii, yenye nguvu ya kama kilowati 2, huvuta zaidi ya amperi 200 inapozunguka. Tuchukue 250. Kebo ya urefu wa mita 1.5 yenye milimita mraba 16 itapoteza volti 0.41; ya milimita mraba 35 itapoteza 0.19, ya 50 itapoteza 0.13. Kwa dizeli ninapendekeza 50 kwa chanya na 50 kwa athi kuu. Milimita 35 inakubalika, na chini ya hapo ni kuibania stata pumzi. Athi ya bodi inatosha kwa milimita mraba 16.

Kebo nzuri inayopatikana katika miji mingi, kuanzia Kariakoo hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ni ile ya mashine za kuchomelea, inayouzwa kwa mita. Ina nyuzi nyembamba nyingi, hivyo inapinda bila kukatika kwa mtikisiko. Angalizo lake ni kwamba sokoni kumejaa kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua nyuzi moja kwa kisu: ndani ikionekana nyeupe, mrudishie muuzaji kebo yake. Ngozi ya kebo ya kuchomelea pia haikuundwa kuoga oili, kwa hiyo ivishe bomba la mikunjo, iweke mbali na manifoldi ya moshi, na uifunge kila baada ya sentimita 20 hivi. Kebo ya chanya ya stata kwa kawaida haina fyuzi. Ikichubuka na kugusa chesisi, moto unaanza bila kusubiri ruhusa ya mtu, na hapo ndipo uzembe wa dakika tano unapounguza gari zima.

Majicho ya kebo yabanwe kwa koleo la haidroliki, si kwa nyundo wala kwa kupindishwa na praizi. Kama fundi wa magari hana koleo hilo, nenda kwa mafundi wa sola: wanalo, wana majicho ya shaba ya saizi zote, na wengi hubana jicho moja kwa bei ya soda. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Jicho likisogea hata kidogo, kata na urudie. Funika shingo ya jicho kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ikiwezekana ule wenye gundi ndani, kwa sababu unyevunyevu huingilia hapo na kula nyuzi kutoka ndani huku nje kebo ikionekana mpya. Klempu za betri za bati jembamba zinazouzwa kando ya barabara zitupe, ununue za shaba au risasi nzito.

Hatua ya tatu: stata

Wenye Peugeot 404, Land Rover za zamani na pikapu nyingine za miaka ya 1960 na 1970 wana stata nzito zinazozungusha gia ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye mota. Kwao kuhamia kwenye stata ya gia ndogo ya ndani ni maboresho ya kweli, kwa kuwa mota ndogo inayozunguka kwa kasi, ikipunguzwa kasi na gia, hutoa msokoto mkubwa kwa mkondo mdogo na ni nyepesi zaidi. LN106 tayari ina stata ya namna hiyo, ya Denso. Kabla ya kuinunulia mbadala, ifungue.

Ugonjwa wake maarufu ni "tak": unawasha ufunguo, unasikia mlio mmoja, hakuna kinachozunguka, unarudia mara nne, mara ya tano inazunguka kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ni migusano ya solenoidi. Toa stata kwenye gari baada ya kufungua hasi ya betri, safisha tope lote nje, kisha fungua skrubu tatu za kifuniko cha nyuma cha solenoidi. Kifuniko kikitoka utaona pistoni yenye sahani ya shaba, na chini kabisa vipande viwili vya shaba. Kipande cha upande wa betri karibu daima ndicho kilicholika zaidi. Changu kilikuwa kimechongeka mteremko kama sabuni iliyotumika, na sahani ilikuwa ikikigusa kwa ukingo tu.

Vipande hivyo huuzwa kwa seti, na havilingani vyote viwili, hivyo nenda dukani na vya zamani mkononi. Wakati wa kufunga vipya hakikisha vyote viwili vimekaa kwa kimo kimoja, na usiviache vijigeuze unapokaza nati za nje. Kama sahani ya pistoni nayo imechimbika, badilisha pistoni. Pitisha msasa laini kwenye kolekta (silinda ya shaba ya mota), pima urefu wa kaboni (brashi zinazoigusa), na kama zimefikia nusu ya urefu wa mpya zibadilishe. Rudisha mpira wa duara wa kifuniko ukiwa mzima, kwani ukikatika maji ya mtoni ya siku moja yatarudisha ugonjwa wote.

Kisha tazama waya mwembamba unaoiamrisha solenoidi. Katika gari la miaka thelathini, umeme huo unatoka betri, unapita fyuzi, unapita swichi ya ufunguo iliyochoka, na unarudi hadi kwenye stata kwa waya mrefu. Piga stata na upime tofauti kati ya kichwa chanya cha betri na kituo hicho kidogo. Ikizidi volti 1, weka rilei (swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo) ya amperi 40 karibu na betri: waya wa zamani wa stata uende kwenye kituo 86, kituo 85 kiende athi, kituo 30 kichukue umeme kwenye betri kupitia fyuzi ya amperi 40 kwa waya wa milimita mraba 6, na kituo 87 kiende kwenye solenoidi. Kama gari lako lina rilei ya stata tangu kiwandani, safisha vituo vyake kwanza.

Ukilazimika kununua stata ya mtumba, linganisha idadi ya meno ya gia ya mbele, nafasi za bolti na kilowati zilizoandikwa kwenye kibandiko, kisha idai ijaribiwe mbele yako kwa betri. Na usisahau plagi za hita: ondoa kwanza kipande cha chuma kinachoziunganisha, maana zimeungwa sambamba na nzima itaificha mbovu, kisha pima kila moja kwa omu. Nzima ina ukinzani chini ya omu 2. Isiyosoma kitu imekufa, na stata yako ndiyo iliyokuwa ikilipia kwa kuzungushwa mara mbili ya muda unaostahili.

Hatua ya nne: je, altaneta kubwa inahitajika?

Fanya hesabu ya vifaa kabla ya kufanya hesabu ya fedha. Taa kubwa mbili za wati 60 hula amperi 10, taa ndogo, za nyuma na za dashi 4, wipa 5, feni ya ndani 8, redio 3. Jumla ni 30. Altaneta ya amperi 55 iliyo nzima inaubeba mzigo huo. Ongeza sasa spotilaiti mbili za halojeni za wati 100, yaani amperi 17, friji ndogo ya chanjo au ya vinywaji 5, na inveta ya wati 300 ambayo ikijaa huvuta kama 28, utafika 80. Hapo ndipo altaneta ya amperi 90 au 100 inapopata kazi. Asiye na vifaa hivyo asinunue. Atengeneze aliyo nayo kwa kaboni, beringi na rigyuleta mpya.

Namba iliyoandikwa kwenye altaneta hupatikana ikizunguka kwa kasi kubwa. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, altaneta nyingi hutoa nusu yake au pungufu. Kwa hiyo anayesimama muda mrefu na taa zimewaka, kama magari ya kusimamia ujenzi usiku, aulize altaneta inatoa nini kwa mizunguko ya chini.

Kwa injini za 2L na 3L kuna mtego mmoja unaogusa uhai. Nyuma ya altaneta imefungwa pampu ya vakyumu inayolisha busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu. Altaneta yoyote mbadala lazima iwe na pampu hiyo, au pampu ya zamani ihamishwe ikiwa shafti inakubali. Nimewahi kuonyeshwa pikapu iliyofungwa altaneta ya gari la petroli, "inachaji vizuri sana", ambayo pedali yake ya breki ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Pampu hiyo hupata oili ya injini kwa mpira mdogo na kuirudisha kwa mpira mkubwa. Mpira wa kurudishia ukiziba, au sili ya shafti ikichoka, oili huingia kwenye altaneta na kulowesha kaboni, na altaneta tatu mpya zitakufa mfululizo kwa kosa lisilo lao. Safisha mipira yote miwili, weka washa mpya, na mimina kijiko cha oili safi kwenye mlango wa pampu kabla ya kuwasha mara ya kwanza ili isizunguke kavu.

Baada ya kufunga, jaribu breki kabla gari halijasogea hata hatua moja: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisitoke.

Linganisha pia puli mpya na ya zamani kwa kipenyo na kwa idadi ya mikanda, na uweke rula mbele ya puli ili kuona kama ziko katika mstari mmoja. Kama mikanda ni miwili, inunuliwe na kubadilishwa kwa pamoja. Kaza hadi mkanda ukibonyezwa katikati kwa dole gumba kwa nguvu ushuke kama milimita 10. Mkanda uliolegea hulia. Uliokazwa kupita kiasi haulii, lakini unakula beringi za altaneta na za pampu ya maji.

Hatua ya tano: waya wa kuchaji, fyuzi na waya wa kuhisi

Altaneta kubwa iliyofungwa kwenye waya wa zamani ni hatari kuliko altaneta ndogo. Waya wa milimita mraba 6 wa urefu wa mita 2 ukipitisha amperi 80 hupoteza volti 0.47, na upotevu huo wote ni joto ndani ya kifungu cha nyaya. Pitisha kebo mpya ya milimita mraba 25 kutoka bolti nene ya altaneta hadi kwenye chanya ya betri. Upotevu unashuka hadi volti 0.11. Weka fyuzi ya amperi 120 kwa altaneta ya 100, karibu kabisa na betri, kwa kuwa kebo ikikatika na kugusa bodi ni betri ndiyo itakayomwaga mamia ya amperi. Waya wa zamani ukiuacha sambamba na mpya, fyuzi yake ya asili ibaki na ukubwa wake. Nimeona fyuzi iliyozibwa kwa msumari, na plastiki yake ilikuwa imeyeyuka kama nta.

Soketi ya nyuma ya altaneta za Toyota zenye rigyuleta ya ndani huwa na nyaya tatu: IG inayopata umeme ufunguo ukiwashwa, L ya taa ya betri kwenye dashi, na S inayohisi volti za betri. S ndiyo macho ya rigyuleta. Kiungo chake kikioza, rigyuleta huona volti chache kuliko zilizopo na kuendelea kusukuma hadi betri ichemke na maji yake kukauka. Kama betri inasoma zaidi ya 14.8 injini ikiwa imepata joto, chunguza waya huo kwanza, na ikibidi upeleke upya hadi kwenye chanya ya betri kwa fyuzi ndogo.

Walio na pikapu za zamani zaidi zenye amita kwenye dashi wakumbuke kwamba katika nyingi ya hizo mkondo wote wa kuchaji hupita ndani ya amita hiyo. Ukiweka altaneta kubwa, iondoe kwenye njia hiyo na uweke voltimita.

Hatua ya sita: betri

Sasa ndipo betri inunuliwe, kama bado inahitajika. Kwa 3L betri ya saizi ya N70 inatosha, mradi trei iipokee na kishikilio kiikaze isitikisike, kwa kuwa mtikisiko wa barabara ya vumbi huangusha unga wa sahani chini na kuunganisha sahani kwa njia ya mkato ndani ya seli. Betri ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa peke yake. Asidi haipungui kwa kuchemka, hivyo kuongeza asidi kila maji yanapopungua, kama baadhi ya vibanda vinavyofanya, ni kuziharibu sahani.

Kupima upya

Rudia vipimo vyote vitano kwa mpangilio ule ule na uvilinganishe na karatasi yako. Kwangu, baada ya kebo mpya na migusano ya solenoidi, betri ilisoma 10.2 wakati wa kupiga stata, yaani chini kidogo kuliko zamani, na kwa dakika moja nilidhani nimeharibu kitu. Lakini stata yenyewe sasa ilipata 9.9 badala ya 8.1. Betri ilishuka kwa sababu stata iliweza hatimaye kuvuta mkondo inaouhitaji. Altaneta ni ile ile ya zamani, yenye kaboni na beringi mpya.

Andika namba hizo kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa boneti pamoja na tarehe. Baada ya kilomita 500 fungua boneti tena, kagua kama kuna kebo inayosuguana na chuma, kaza upya mkanda, ambao ukiwa mpya hunyooka, na ukaze kila bolti ya athi, maana shaba laini ya majicho hujikandamiza na nati hulegea robo mzunguko.